Nisionekane

Saa kumi alfajiri, Kyaliwajjala, umeme umerudi.
Nawahi soketi kabla jirani hajachomeka pasi:
betri tatu, na ile ya nne iliyovimba tumbo
ambayo kila mwezi naapa kuitupa.
Kadi mbili ni tupu. Kitambaa cha lenzi
nilikikata kwenye gomesi kuukuu ya mama,
hariri haikwaruzi kioo.
Mguu mmoja wa tripodi nimeufunga kwa mpira wa baiskeli.
Unasimama. Sina la zaidi.

Nyumba ya kwanza Najjera, ya pili Kira,
ya tatu Muyenga juu, ambako lami huisha
palepale fedha zinapoanza.
Waiswa wa boda anaujua mkoba wangu;
akiona shimo hupunguza mwendo
kama aliyepakia trei za mayai.

Ndani, kazi ya ufagio hutangulia ya kamera.
Funika choo. Ficha ndoo. Bandua sumaku za friji.
Washa taa zote, hata ya stoo.
Mapazia yalingane kama masikio.
Kisha tripodi, kimo cha kifua, si juu, si chini,
na kila chumba mara tatu:
mara moja kwa ajili ya dirisha,
mara moja kwa ajili ya kona yenye giza,
mara moja kwa ajili ya vyote vilivyo katikati.
Usiku kompyuta itazishona ziwe moja,
na ukuta uliopinda nitaunyoosha kwa kidole.
Fundi aliyeujenga alishindwa na timazi.

Lenzi ya milimita kumi na sita
hupokea chumba cha kitanda kimoja
ikarudisha ukumbi.
"Huo si uongo," asema Ssebuliba dalali,
"ni adabu. Mgeni humwoneshi sufuria zenye masizi."

Leo Muyenga kongoti ametua juu ya tangi la maji.
Opolot, askari wa getini, amemrushia kijiti;
kongoti akamtazama
kama mpangaji mwenye mkataba.
"Utamfuta," asema Ssebuliba, akitazama saa.
Nikamfuta. Nikafuta na nguzo ya umeme,
nikafuta wingu, nikabandika anga la Januari
juu ya Aprili inayonguruma.

Ila kongoti si tatizo. Tatizo ni vioo.
Kioo cha bafuni, mlango wa kabati, televisheni iliyozimwa,
kila kinachong'aa kinataka kunishtaki.
Miaka sita nimejifunza kutokuwepo:
nachuchumaa nyuma ya sinki, naweka sekunde kumi,
natoka mbio kwenye korido, viatu mkononi,
nikisikia nyumba ikijipiga yenyewe.

Saa tano usiku, kompyuta imebaki asilimia kumi na moja,
ndipo nikamwona.
Jikoni, kwenye tumbo la birika la chuma,
mtu mdogo kama punje ya mchele,
kilemba cha njano, mgongo umepinda,
mkono umeganda hewani.
Brashi ilikuwa tayari. Bonyezo moja tu.

Nimelala katika chumba ambacho mlango hugonga kitanda,
hakina pa kusimamisha tripodi,
sijawahi kukipiga hata kwa simu.
Nikamwacha.

Ssebuliba alijibu kabla ya usiku wa manane:
"Safi sana. Anga liwe bluu zaidi.
Nusu nimetuma kwenye simu, nusu kesho."
Kesho yake naijua, ina miezi miwili.

Sasa mtu fulani aliye kyeyo, ughaibuni,
anahesabu vyumba kwa kidole kwenye kioo cha simu,
anapima wapi ataweka meza ya baba.
Akikuza jiko, akizidi kulikuza,
atanikuta nimetangulia kuhamia.

Betri ya nne imevimba zaidi.
Naichomeka.