Upinde wa Mtumba, Njoro

Kati ya rundo la viatu na jiko bovu
nikauona: upinde wa vigurudumu viwili,
ugwe wake umechanika nywelenywele.

Kariithi akauvuta, akauachia mtupu. Paa!
“Usirudie,” nikamwambia.
“Bila mshale, nguvu yote humrudia mwenyewe mbavuni.”

Nikaomba pamba kidogo.
Nikaipitisha taratibu, juu hadi chini.
Ikanasa karibu na skrubu:
ufa mwembamba, umejificha kama deni.

Nikaujaribu polepole. Mkono wangu ukaisha
upinde ungali unadai.
Aliyepimiwa alikuwa mrefu kuniliko,
na popote alipo, Nessuit haijui.

“Lakini unafaa kuwinda?”

Wa baba ulikuwa wa mti, ugwe wa kano,
uliopakwa nta hadi ukasahau kusema.
Tangu sheria ije uko juu ya meko,
hauwindi ila moshi.

“Kuua, labda mara moja,” nikasema,
“na huenda ikawa wewe.”

Akacheka. Akashusha bei. Akashusha tena.

Nikanunua vigurudumu tu.
Havizunguki sawasawa, vina kigugumizi,
ila mzinga ukipanda mtini
hauna haraka.