Kituo cha Nne

Kwanza nasimama nikiuelekea mkondo,
maji yanijie mimi, si mimi niyatibue.
Nasuuza chupa mara tatu kwa maji yake yenyewe,
namwaga upande wa chini,
ya nne ndiyo naifunga.
Mdomo wa chupa hauguswi, hata kwa salamu.

Egesa ananisubiri juu, pikipiki kaiegemeza mgombani,
sanduku la barafu limekazwa kwa mpira wa tairi.
Barafu tumeinunua kwa muuza samaki wa Busia,
kwa hiyo kijito cha Nabuyenge
husafiri hadi Kampala kikinuka sangara.

Mgodi haujaja.
Kuna vigingi tu vyenye utepe mwekundu,
na bango la mtu mwenye kofia ngumu, akicheka peke yake.
Kazi yangu ni kuandika jinsi maji yalivyokuwa
kabla mtu yeyote hajapata sababu ya kudanganya.
Miezi kumi na miwili, vituo vitano:
joto, uasidi, chumvi, tope,
na mabuu waliojibana chini ya mawe.
Wale wenye mikia mitatu nawahesabu kwa upendeleo,
maana hao hufa mapema, bila kuandika barua ya malalamiko.

Nabeba pia chupa moja ya maji safi ya maabara.
Haifunguliwi. Inakwenda, inaonja safari, inarudi.
Ikirudi na doa, basi doa ni letu:
mikono yetu, sanduku letu, vumbi la barabara.
Egesa anaiita bi harusi.
"Hajambo leo?"
Hajambo. Kajifunika.

Mwezi wa kumi karatasi ikarudi.
Kituo cha nne: zebaki.
Si nyingi, lakini zebaki haina uchache wa kujivunia.
Bi harusi alikuwa safi.
Nikaisoma mara tatu, kama ninavyosuuza chupa.

Kituo cha nne kiko chini ya kwa Taaka.
Taaka, anayeniwekea chai na muhogo wa kuchoma,
na kigoda kilekile kila mwezi.
Usiku huosha mchanga wa dhahabu kwenye karai;
tone la zebaki hulilaza ndani ya kizibo cha soda,
akalisukuma kwa kidole
kama mtu anayechezea shavu la mtoto.
Karo ya bintiye, kidato cha pili, imetoka kizibo hicho.

Mtu wa kampuni akapiga simu, sauti imepakwa siagi:
"Unaona, dada? Kijito kilikuwa mgonjwa kabla yetu."
Mwenyekiti wa kijiji akaja kwa miguu:
"Namba hiyo haiwezi kuteleza kidogo?
Ukiiacha, wataitia mpini iwe shoka."
Mmoja alitaka namba ibaki, mwingine iondoke.
Maji hayakuulizwa hali.

Nikaenda kwa Taaka bila chupa. Nikamwambia.
Akalitazama karai. Akalitazama sufuria.
"Na hii chai?"
"Nimeinywa miezi kumi," nikasema.
"Mimi miaka kumi na tisa."
Kisha akanimiminia,
maana hakujua mikono aipeleke wapi,
wala mimi sikujua yangu.

"Andika," akasema. "Usinifiche.
Lakini mwandike na yule anayeniuzia,
anakuja Jumamosi na viatu visivyolijua tope."

Karatasi yangu haina safu ya viatu.

Mwezi wa kumi na mbili mvua ilikuwa imenyesha,
kijito kimevimba, rangi ya chai yenyewe.
Nikasuuza mara tatu. Nikafunga ya nne.
Mwishoni mwa fomu kuna nafasi ya maoni,
mistari miwili, myembamba, ambayo hakuna anayeijaza.
Nikaandika kwa kalamu ya risasi, maana wino huogopa maji:
*Kituo hiki kinanywewa. Nimekunywa.
Zebaki inaletwa Jumamosi, kwa viatu.*
Egesa akapiga stati mara mbili, haikuwaka.
Barafu ilikuwa imeanza kulia ndani ya sanduku.