Namba Iliyoandikwa kwa Mkono

Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye ubao wa simu wa Ísafjörður,
vipokea sauti masikioni, nyaya mkononi.
Mtu hakuhitaji namba. Alisema, "Nipe Gudda wa duka la nyuzi,"
nami nilimwunganisha.
Nilijua pia ni asubuhi zipi Gudda hataki kuunganishwa na mtu.

Kwa hiyo usinifundishe jina ni nini na namba ni nini.

Jumanne theluji iliziba barabara,
nikataka kujua kama ndege ya Reykjavík itaruka.
Kompyuta ikasema uwanja wa ndege haupatikani.
Nikajaribu benki. Haipatikani. Gazeti. Halipatikani.
Dunia nzima ilikuwa imehama usiku bila kuniaga.

Nikampigia Ísleifur, mjukuu wa dada yangu, huko Akureyri.
"Taa za ruta?" Kijani zote.
"Waya?" Umebana.
"Umeizima ukaiwasha?"
Kijana, nimeizima nikaiwasha wewe bado umelala.

Akanisomea tarakimu zenye nukta katikati,
niziandike kwenye dirisha jeusi.
Jibu likarudi. Mara nne likarudi, upesi,
kama hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe yumo.
Akanipa jina la nyumba ileile. Kimya.

"Basi njia ipo," akasema. "Aliyekwama ni yule anayegeuza majina kuwa namba."
Sema tu opereta ameondoka kitini, nikamwambia.

Tukaingia kwenye mipangilio, dirisha ndani ya dirisha,
hadi penye chaguo mbili: itafute yenyewe,
au itumie hii iliyoandikwa kwa mkono.
Kitone kilikaa kwenye ya pili. Chini yake:
192.168.1.53.
"Nani aliandika hiyo?"
Nyumba hii imewahi kuwa na watu wawili tu,
na mmoja hajagusa mipangilio hadi leo.

Nikashuka chini na tochi.
Nyuma ya viazi, nyuma ya chupa za jamu ya rabarbara,
kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni,
kimefungwa rafuni kwa mkanda mweusi,
na karatasi, mwandiko wa Hallbjörn: USIZIME.
Sikukizima. Kilikuwa cha baridi kama viazi.

Miaka mitatu tangu tumzike,
na kila jina nililoliandika, kompyuta ilikwenda kumwuliza yeye kwanza.
Bei ya sufu. Dalili za mawe ya nyongo.
Yule daktari wa masikio, mara mbili usiku mmoja.
Akitoka, akiuliza, akirudi na namba,
bila kunung'unika. Alipokuwa hai angenung'unika.

"Futa," Ísleifur akasema. "Hamisha kitone."
Kwanza niliinakili namba nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.
Kisha nikafuta, tarakimu moja moja, kuanzia mwisho.
Akanipa amri ya kuisahaulisha mashine majina ya zamani.
Sikuipenda. Niliiandika hivyohivyo.

Uwanja wa ndege ukafunguka. Safari imeahirishwa.

Na juu ya safari, na chini yake, na ubavuni,
viatu vinavyometameta, mwanamke anayechekea saladi,
kiti cha umeme cha kupandia ngazi,
"Hongera, umebakiza hatua moja kushinda!"
Ísleifur, hawa ni akina nani?
"Matangazo tu, bibi. Siku zote yapo."

Kwangu hayakuwepo.

Kiti cha ngazi kikapanda, kikashuka, kikapanda tena.
Nilishika simu bila kusema neno,
kama tulivyokuwa tukishika laini
mpaka upande wa pili upatikane.
"Bibi? Bado upo?"
Nipo. Hicho kisanduku, nikamwuliza,
wewe unaweza kukitengeneza?