Pete Inayopwaya

Gimje, mji wa mashamba ya mpunga,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea.
Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni.
Mwalimu Geum-ran hafungui kitabu tena.
Miaka sita alikifungua:
ukurasa wa arobaini, orodha ya vitenzi,
upande huu neno, upande ule maana,
na wanawake wakikariri kama wahesabuo chenji.
Walipofika sokoni, orodha ilibaki mkobani.

Sasa anakuja na ndoo ya plastiki,
anaimwaga mezani:
chupa na kizibo, kalamu na mfuniko,
kifungo kilichoshonwa kwenye kipande cha koti,
kitabu na kasha lake, bakuli, tufaha,
glavu moja, ya kushoto.
"Msiniulize maana," anasema. "Shikeni."

Kizibo kinaingia chupani kwa kusukumwa:
kkida.
Kitabu kinaingia kashani, kinakwaruza kidogo:
kkida.
Tufaha linatua bakulini, lina nafasi ya kubingirika:
neota.
Dilorom, aliyetoka Namangan kumfuata mume kiwandani, anakunja uso.
"Vyote si vimeingia?"
"Vimeingia. Lakini vimebanwa?"
Dilorom anavuta kizibo. Kinagoma.
Anavuta tena, na kidole gumba kinaelewa
kabla yake.

Mjukuu wa mwalimu ana mwaka na nusu.
Hajui kuomba maji,
lakini ukimpa kalamu na mfuniko
anausukuma mpaka usikie *ta*,
kisha anakutazama: umeona?
Hapo ndipo bibi yake alipoacha kuamini
kwamba neno ni kopo na maana ni uji uliomo.

Nami ninayeandika haya kwa Kiswahili
nimekaa na lugha yangu nikiipapasa upya.
Kofia tunavaa, viatu tunavaa,
miwani, pete, hata huzuni usoni, tunavaa.
Kitenzi kimoja, mwili mzima.
Wapendanao tumewaita chanda na pete
tangu zama za mababu,
na hakuna aliyeuliza:
inabana, au inapwaya?

Mtihani wa Novemba, swali la nane.
*Pete kidoleni: jaza kitenzi.*
Nhài, binti wa Nam Định,
miezi minane katika nyumba ya mama mkwe,
aliandika neota.
Wino mwekundu ulikwisha kupita,
mkato mmoja, mfupi, wa mtu mwenye karatasi ishirini.
Kisha Nhài akanyoosha mkono kuipokea yake
na mwalimu akaona:
pete ya dhahabu iliyonunuliwa kwa kukisia,
imezungushiwa uzi wa pamba kwa ndani
isije ikadondokea kwenye beseni la vyombo.

Haikuvishwa ile. Iliwekwa tu,
kama tufaha.

Geum-ran aliketi na kalamu hewani.
Kitabu kingesema kosa.
Mkaguzi wa wilaya angesema kosa.
Akaukata mkato wake mwenyewe,
akaandika pembeni, kwa herufi ndogo: sahihi, kwa mkono huu.

Desemba ni mwezi wa kutia kabichi chumvi.
Vichwa mia moja na ishirini, maji ya barafu,
mama mkwe akihesabu kutoka kibarazani.
Vidole vya Nhài vilivimba, vikabaki vimevimba;
tena tumboni kulikuwa na mgeni wa miezi minne.

Alhamisi ya mwisho wa mwaka
aliingia darasani akiwa amechelewa, theluji mabegani.
Hakusalimu. Aliinua mkono wa kushoto.
Uzi haukuwepo.
Akaishika pete, akaivuta mbele yao wote,
ngozi ikajikunja, pete isitoke.
"Kkida," alisema.

Dilorom alipiga makofi.
Mwalimu naye aliinua mikono apige,
akaiacha njiani.
Sauti ile hakuweza kuisoma:
ilikuwa ya mtu aliyepata mahali pake,
au ya kizibo?

Kwenye ndoo hamkuwa na kitu cha kumwonyesha.
Alisogeza kiti karibu na jiko la mafuta,
akamwambia, "Kaa."