Koti la Mlango Mmoja

Nililipata Mlango Mmoja, siku ya kufungua belo:
koti zito la buluu, tumbo limejaa manyoya ya bata.
Muuzaji akacheka. "Mama Kwandu, Mwanza hii hili la nani?
Chukua kwa elfu nane, walau ufunikie vifaranga."
Nami nilikuwa mwaka wa kumi na tisa chumba cha ubaridi,
Igogo, nikipanga minofu ya sangara kwenye maboksi,
vidole vikifa ganzi kuanzia kwenye kucha.
Nikalichukua.

Kwenye zipu ilining'inia kadi ya plastiki,
mlima mweupe, tarehe iliyokwisha,
na jina la kijiji ambalo hata leo
ulimi wangu hulipanda nusu, ukaporomoka.

Miaka sita nililivaa kazini, chini ya aproni.
Miaka sita kijiji kile kilinigonga kifuani kila nilipoinama.

Mafao yalipotoka, ushauri ulikuja bila kuitwa.
Nunua bati. Nunua kiwanja Kisesa.
Shemeji Lugata akaapa kwamba wenyewe wa huko
hukimbia huko kuja kuota jua letu.
Nikamjibu: nakwenda kuona koti langu lilikozaliwa.

Nikaenda kwa tiketi ya bei ya kutupa,
ndege tatu, usiku mmoja sakafuni,
basi la alfajiri lenye harufu ya soksi.
Chumbani tulilala wanane, vitanda vya deka,
nikapangiwa cha juu, mtu mzima na magoti yangu.
Begini: dagaa wa kukaanga kilo mbili,
pilipili, chupa ya chai.
Hotelini sikula hata siku moja. Nilisimama tu
nje, nikisoma bei zilizobandikwa mlangoni
kama mtu anayesoma tanzia.

Asubuhi nikatoka.

Nisiseme uongo, baridi haikunishtua.
Baridi na mimi tunajuana.
Kilichonishtua ni ukimya:
hakuna mashine, hakuna msimamizi na saa yake,
barafu ya bure imemwagika hadi juu ya mapaa ya watu
na ndani yake hamna samaki hata mmoja.

Nilisimama nikitafuta cha kupanga.

Kukodi mbao za kutelezea na viatu vyake vigumu
ilikuwa pesa ya siku nne. Nikabembeleza kwa mikono.
Kijana wa duka akanitazama, akaingia stoo,
akarudi na beseni la plastiki, jekundu, lenye ufa.

Ufa ule! Si beseni lenyewe, lakini ni ukoo mmoja
na lile la mama tuliloliiba, mimi na Minza,
tukapanda nalo jiwe la Mabatini, lenye mgongo wa kiboko,
tukashuka nalo, tukashuka, hadi likapasuka,
tukachapwa palepale palipokwisha kuchunika.

Nikakaa. Nikakunja miguu.
Watoto wa pale wakanipisha kama wanavyopisha lori.

Mlima ukaniachia.

Nilipiga kelele kwa Kisukuma, nadhani nilimwita mama.
Theluji ikanijaa mdomoni, haina chumvi, haina shombo.
Miaka yangu hamsini na mitatu ilibaki kule juu
imeshika kiuno, ikinitazama ninavyokwenda.

Mara kumi na moja nilipanda. Ya kumi na mbili
beseni lilikataa.

Sasa nipo Mabatini, koti limetundikwa kwenye mlango wa jiko,
na Minza amekuja na maswali yake.
Yaani mamilioni yote yale, dada, ukateleze kwa beseni?
Picha ziko wapi?
Hakuna picha, simu ilizimika kwa baridi.
Ninalo doa hili pajani, lilikuwa zambarau, sasa ni la njano.

Ameliangalia kwa muda mrefu.
Kisha amenyanyuka, jua likiwa kali hivi,
amelishusha koti, amelivaa, amefunga zipu hadi kidevuni.
Mikono imemzidi kidogo.