Ua la Risasi

Juu ya Nenthead, pale mgodi ulipofia,
kuna lundo la kifusi lisiloota nyasi.
Nimelipanda na beleshi fupi,
mifuko ishirini na nne yenye namba,
na glavu zinazonuka kama duka la matairi.
Kazi yangu ni kupima risasi.

Siyo ile ya bunduki. Ile ni mtoto; nimekuja kwa mama:
madini ya kijivu, mazito, laini kwa ukucha,
yaliyochimbwa hapa kizazi kwa kizazi
yakawa mabomba, yakawa mapaa ya makanisa,
yakawa, ndiyo, risasi.
Lugha yangu haikujisumbua kuwatenganisha.

Upepo wa Juni huku hauna adabu,
unaingia mikononi mwa koti bila hodi.
Nikapiga goti, nikachota, nikafunga:
mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Kwenye wa nne beleshi likasita.

Palikuwa na ua.
Dogo kuliko kifungo cha shati la mtoto,
jeupe, petali tano,
katikati vijiti vya rangi ya waridi
kama viberiti vya sisimizi,
na majani membamba yaliyojishika chini
mithili ya mtu aliyelala kifudifudi asionekane.
Halikuwa peke yake. Macho yalipozoea
nikaona lundo zima limenyunyiziwa unga.

"Babu yake babu yangu alilifuata hilo,"
alisema Edith Nattrass, amesimama njiani
na mbwa mwenye jicho moja zima.
"Lilipojaa, ndipo walipochimba.
Lilimwonyesha. Na alichokipata
kikamlegeza viganja,
kikamchora mstari wa buluu kwenye ufizi,
kikamzika na miaka arobaini na mmoja."
Alisema hivyo kama anayetaja bei ya mkate.

Akauliza waliokutuma wanataka nini.
Nikamwambia: kulifunika.
Malori ya udongo mweusi, wenye mbolea,
kisha mbegu za nyasi,
ili mto uache kunywa sumu.
Hakubisha. Amewahi kuzika kondoo
waliokunywa mtoni mle.
Ila alimfunga mbwa kamba taratibu, akasema:
"Nyasi zitalinyonga msimu mmoja tu.
Hili halijui kugombea chakula.
Linajua kukikosa."

Jioni nikampigia kaka yangu, Lushoto.
Kitendawili!
"Tega," akasema Shemdoe, cherehani ikikohoa nyuma yake.
Akilishwa sumu hunawiri, akilishwa uji hufa.
Akataja mbunge wao.
Akataja mwenye nyumba wake, mara mbili.
Akashindwa. Nipe mji, nikamwambia.
Akanipa Korogwe.
Nikaenda Korogwe, nikala machungwa yote ya stendi,
nikalala kitandani kwa mkuu wa wilaya,
nikarudi na kumpa jibu:
Ua.
Cherehani ikanyamaza.
"Nimuue nani?" akauliza.

Sasa ni saa mbili usiku, jua bado liko dirishani,
na fomu ina kisanduku: *Mimea iliyopo.*
Aliyenitangulia mwaka jana aliandika: Hakuna.
Nimekaa nacho, kalamu imeshaanza kukauka.
Mifuko imejipanga kando ya hita,
na ndani ya ule wa nne, nyuma ya plastiki,
kuna petali moja niliyoichota bila kukusudia.
Nimeupima mfuko mara tatu.
Mizani haiioni.