Kanuni ya Nne

Karatasi waliibandika Jumatatu, mlangoni mwa kisima cha Shela,
kwa uji wa unga, ikakauka imekunjamana.
Ya kwanza: mpira wa kumwagilia marufuku
toka jua lichomoze hata alasiri.
Ya pili: kila bwawa la kuogelea liandikishwe.
Ya tatu: nyasi za zulia zing'olewe kabla Shaabani haijaisha.
Ya nne: ipandwe mimea ya asili, inayoijua nchi.

Nilizisoma mara mbili. Mwenye zile nyasi ni mimi.
Si zangu kwa hati, hati ni ya Mbelgiji
ajaye Desemba na kuondoka Januari;
zangu kwa mgongo. Miaka tisa
nimezinywesha kuliko nilivyomnywesha mwanangu,
nimezipunguza kwa mkasi pembezoni mwa ngazi,
nimelala na mlio wa pampu masikioni,
ikivuta, ikivuta, chini ya vilima vya mchanga,
hadi visima vya kwetu Langoni vikaingia chumvi
na chai ya mama ikawa kama dawa.

Sikupata kuziunganisha, pampu na ile chai.
Mtu haoni bomba linalopita ndani ya mshahara wake.

Basi nikashika jembe. Nyasi hazikuwa na mizizi ya maana;
zilibanduka kama busati siku ya kufagia msikiti,
na chini yake mchanga, uleule, mweupe,
kana kwamba miaka tisa ilikuwa ndoto ya mtu mwingine.
Nikaleta mlakasa kutoka ufuoni, ukatambaa bila kubisha hodi.
Nikaleta mkoma mdogo, na mkadi wa miguu mingi,
na mswaki, ambao nilikata kijiti nikasugua meno palepale.
Mbelgiji alipotumiwa picha alijibu neno moja:
"Jangwa?"
Nikamwandikia: Ngoja mvua.
Mvua nayo ikatungojesha.

Kisha akaja Mwanajabu wa kaunti na faili lake,
nyumba kwa nyumba, mpaka Langoni, mpaka kiwandani kwa mama,
palipo na mti mmoja wa asumini
ndani ya debe la mafuta ya kupikia.
"Huu si wa asili," alisema, kalamu ikiwa hewani.
"Orodha inasema ulitoka Bara Hindi."
Mama hakuinua macho, alikuwa akitunga kikuba.
"Na babu yangu alitoka Shihiri.
Mimi utaning'oa lini?"

Mwanajabu akacheka, halafu akanyamaza,
kwa kuwa fomu haina nafasi ya kicheko.
"Mwaumwagilia kwa nini?"
Mama akamwonyesha: birika, kata ya kifuu,
na mfereji mwembamba wa chokaa sakafuni
ambao fundi fulani, kaburi lake halijulikani,
aliulaza kwa mwinamo wa kidole kimoja tu
ili maji ya udhu yasipotelee chooni,
yafike kwenye debe.
"Mara tano kwa siku. Tulipokuwa watu tisa
uliparamia hadi dirisha la juu.
Sasa tumebaki wawili, nao umejipunguza.
Sijausikia ukilalamika."

Mwanajabu akapiga magoti na viatu vyake vya ofisini,
akaufuata mfereji kwa ncha ya kidole
kama mtoto wa chuoni na msitari wake wa kwanza.
Akaandika. Nilichungulia juu ya bega:
*Asumini, mmoja. Mgeni. Ana adabu.*

Kesho yake nilivuka kwenda Shela na nyundo na patasi,
nikazunguka nyuma ya nyumba, nikatega sikio ukutani,
kutafuta maji ya kuogea ya Mbelgiji
hutokea wapi.